Mausi imekufa katikati ya kurekodi kaseti ya bibi. Naibadilishaje bila kuzima kompyuta?

BintiWaMakorora, saa 9:46 alasiri

Salaam wakuu. Naomba msaada wa haraka. Naandika kwa simu, kompyuta iko mbele yangu na inaendelea na kazi.

Niko Tanga, Makorora. Nahamishia kwenye kompyuta kaseti alizoacha marehemu baba. Ziko kumi na nne ndani ya boksi la viatu, na hii inayozunguka sasa hivi ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko zote. Ni ya dakika 90. Juu yake baba aliandika kwa kalamu maneno mawili tu: "Mama, Moa" (Moa ni kijiji cha pwani huku Tanga). Ndani ni bibi yangu anasimulia kwa Kidigo, anataja ukoo mmoja mmoja, nani alizaliwa na nani, nani alihamia Tanga mjini kufuata kazi ya mkonge, na katikati anaimba. Bibi hayupo na baba hayupo. Wadogo zangu wawili hawajawahi kuisikia sauti yake hata siku moja.

Kaseti hizi zimekaa miaka karibu na dirisha, hewa ya bahari inapita humo usiku na mchana, na mkanda umekauka. Juzi redio ilitafuna moja ya boksi hilihili, nikakaa mpaka usiku nautoa mkanda kwa kijiti cha meno. Ndiyo maana hii nimejiwekea sharti: naicheza mara moja tu, upande mzima, bila kusimamisha na bila kurudisha nyuma.

Sasa mkasa wenyewe. Nimeanza saa 9:25. Redio kaseti imeunganishwa na kile kidude cha USB cha kuingizia sauti, narekodi kwa programu ya Audacity, Windows 7. Dakika ya tisa mausi ikakata. Mshale umeganda katikati ya skrini. Mawimbi ya sauti yanaendelea kuchorwa, namsikia bibi kabisa, kwa hiyo kurekodi hakujasimama. Ila mshale hauendi popote.

Mausi yangu ni ya kichwa cha duara, kile cha kijani, si ya USB. Nikaichomoa. Nikakimbia nyumba ya tatu kwa jirani mwenye steshenari, akaniazima yake ya kichwa kilekile, ambayo asubuhi ya leo alikuwa anaitumia. Nimeichomeka: taa nyekundu chini inawaka vizuri, lakini mshale haujasogea hata unywele. Jirani anasema lazima nizime kompyuta niwashe upya ndipo iitambue. Nikizima, kaseti nayo imepotea.

USB ya kuazima ningeipata, tatizo matundu. Ya mbele mawili yalishakufa kwa kutu. Ya nyuma yanayofanya kazi ni mawili: moja lina kidude cha sauti, la pili lina diski ya nje, na humo ndimo kazi yote inamoandikwa kwa sababu diski ya ndani imejaa.

Upande unaisha kama saa 10:10. Nifanye nini? Na je, nimeharibu kitu nilipochomoa na kuchomeka umeme ukiwa unawaka?

Mkwakwani_Kijana, saa 9:50

Pole dada. Mausi ya USB haihitaji kuzima kitu, unachomeka tu, baada ya sekunde chache inafanya kazi. Ningekuwa wewe ningechomoa hiyo diski ya nje mara moja, nichomeke mausi, nihifadhi, halafu nirudishe diski. Mimi niko Barabara ya 12, nina mausi ya USB na kile kiadapta cha kijani pia, cha kuichomekea kwenye tundu la duara, nikuletee?

FundiMzeeChumbageni, saa 9:53

Binti, USICHOMOE DISKI. Kurekodi kunaandikwa humo sekunde kwa sekunde. Ukiichomoa unaikata kazi yako kwa mkono wako mwenyewe.

Usichomoe tena wala kuchomeka kitu chochote nyuma ya mashine mpaka upande uishe. Sauti inarekodiwa, mausi huihitaji kwa dakika hizi ishirini. Mambo matatu tu:

Bonyeza Caps Lock. Kitaa chake kwenye kibodi kikiwaka na kuzima, kibodi ni nzima, na kibodi ndiyo itakayokutoa.

Usiguse kitufe kirefu cha nafasi. Kwenye Audacity hicho ndicho kinachosimamisha kurekodi.

Kaseti ikifika mwisho, HAPO ndipo ubonyeze kitufe cha nafasi mara moja. Kisha Ctrl na S pamoja. Ikiuliza jina, andika, Enter. Umemaliza.

Mengine nitaandika, naandika polepole.

BintiWaMakorora, saa 9:55

Shikamoo mzee. Caps Lock inawaka. Nimeondoa mikono mezani kabisa.

Mkwakwani_Kijana, saa 9:58

Samahani dada, sikuwa nimesoma vizuri kwamba diski ndiyo inayoandikwa. Sahau lile la kwanza.

Ukihitaji mshale kabla ya kupata mausi, upo kwa kibodi. Shika Alt ya kushoto na Shift ya kushoto, halafu Num Lock. Kinatokea kidirisha, bonyeza Enter. Kuanzia hapo namba za kulia ndizo mausi: 8 inapanda, 2 inashuka, 4 kushoto, 6 kulia, 5 ni kubofya, alama ya kujumlisha ni kubofya mara mbili. Mshale unaanza taratibu kisha unaongeza mwendo, usiikatie tamaa. Niliitumia wiki nzima mausi yangu ilipokufa nikiwa naandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

BintiWaMakorora, saa 10:17

ALHAMDULILLAHI.

Upande umekwisha saa 10:10 hivi, redio ikajikata yenyewe. Nimebonyeza kitufe cha nafasi, mawimbi yakasimama. Ctrl na S. Ikauliza jina, nikaandika "bibi upande A". Nimesikiliza kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho. Ipo yote. Kuna mahali mkanda umekwaruza, sauti inazama kama mtu aliyeingia chumba kingine, lakini maneno yanasikika.

Mzee, Mungu akuzidishie. Kijana wa Barabara ya 12, nawe asante, nimejaribu hizo namba sasa hivi na mshale umesogea! Sikujua kama kitu hicho kipo.

Sasa imebaki mausi yenyewe. Nataka upande wa pili niurekodi leoleo kabla umeme haujafanya vituko. Ila kwenye upande wa pili nataka kuweka alama kila bibi anapobadilisha habari, na kwa kibodi pekee nitababaika. Mashine hii ikizimwa kabisa inachukua karibu robo saa kukaa sawa, na diski yake inalia. Je, lazima niiwashe upya? Na kwa nini hii mausi ya jirani inawaka taa lakini haifanyi kazi? Ningependa kuelewa, maana bado kaseti kumi na moja.

FundiMzeeChumbageni, saa 10:41

Marahaba mwanangu. Nilikuwa naandika hili tangu saa kumi, sasa nimelirekebisha kulingana na ulichouliza.

Kwanza usimrudishie jirani mausi yake ukamwambia ni mbovu. Inaelekea ni nzima. Ile taa nyekundu inakwambia jambo moja tu: umeme umefika. Haikwambii kama kompyuta na mausi wamezungumza. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi wametupa mausi nzima kwa kuyachanganya.

Kile kichwa cha duara kinaitwa PS/2. IBM walikileta mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za jina hilohilo. Kina pini sita, nne tu ndizo zina kazi: moja inaleta umeme wa volti 5, moja ni ya ardhi, moja inapitisha habari, na ya nne inapiga mapigo ya kuzipangia habari hizo mwendo. Rangi ya kijani kwa mausi na zambarau kwa kibodi ilikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu watu walikuwa wanazichomeka kinyume.

Sasa sikiliza kinachotokea mausi hiyo ikipata umeme. Inajipima yenyewe. Ikijiona nzima inapiga hodi mara moja: inatuma namba mbili za lugha ya mashine, AA halafu 00. Kisha inanyamaza. Unaweza kuisukuma meza nzima, haitasema neno, kwa sababu imeundwa kutotuma chochote mpaka kompyuta iiambie anza. Amri hiyo nayo ni namba, F4, si kitufe cha F4 cha kwenye kibodi. Kompyuta inapowaka asubuhi inakuwa mlangoni inasubiri hodi hiyo, inaisikia, inaitikia karibu, inatoa amri, na mausi inaanza kazi. Ukiichomeka saa tisa na nusu, mwenye nyumba yuko jikoni. Mara nyingine anasikia, na ndiyo maana utakutana na mtu anayeapa kuwa yake ilifanya kazi. Mara nyingine kichwa kimeingia kwa kutikisika, hodi imesikika nusu, au haikusikika. Mgeni amesimama nje, taa mkononi, anasubiri karibu. Ndiyo hali ya mausi ya jirani yako.

USB ni adabu nyingine kabisa. Ilitoka mwaka 1996 na tangu mwanzo ilikusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Tazama kichwa cha USB kwa ndani: vipande viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya kati. Vya pembeni ni umeme na ardhi, vinagusa kwanza. Vya kati ni vya habari, vinafuata. Na upande wa pili kompyuta haijaenda jikoni hata mara moja, muda wote inatazama kama kuna aliyeingia, ikimwona inampa namba yake na kumuuliza wewe ni nani. Pini za PS/2 zote urefu mmoja. Hakuna iliyoambiwa tangulia.

Ndiyo maana uliuliza vizuri uliposema je, umeharibu kitu. Hujaharibu, kwa sababu taa inawaka na kibodi inafanya kazi. Lakini usizoee. Mazabodi nyingi, yaani ile bodi kuu ya ndani, zina fyuzi ndogo kwenye njia ya umeme wa matundu hayo mawili, kibodi na mausi kwa pamoja. Nililetewa mashine hapa Chumbageni, mtu amelazimisha kichwa kikiwa kimegeuka kidogo, pini mbili zimekunjwa zikagusana, umeme ukiwa ndani. Mausi ikafa na kibodi ikafa. Na pale alikuwa na barua hajaihifadhi, na sasa hana hata kibodi ya kubonyeza Ctrl na S. Nilisikitika sana siku ile, kwa sababu kama angeacha mausi ilivyo angekuwa na kazi yake. Kibodi ndiyo uhai wako saa kama ile, usiihatarishe kwa ajili ya mausi.

Kwa huyo kijana: kiadapta cha kijani hakina akili yoyote ndani, ni waya tu zinazobadilishwa njia. Kinafanya kazi kwa mausi iliyotengenezwa ikijua lugha zote mbili, ya USB na ya PS/2. Nyingi za siku hizi zinajua moja. Ukiichomeka hivyo kwenye tundu la duara itakaa kimya, na utadhani tundu ndilo bovu.

Na kile kigawanyio cha USB, cha tundu moja kuwa manne, usikitumie ukiwa unarekodi. Kukichomeka kunaweza kukata sauti kwa sekunde, na sekunde hiyo ndiyo bibi ametaja jina.

Haya, unataka kubadilisha bila kuanza upya. Ilaze mashine usingizi mzito. Maana yake Windows inachukua kila kilicho wazi, inakiandika kwenye diski C, halafu inazima umeme kabisa. Ukiiwasha, inakisoma na kukurudisha ulipokuwa, dirisha kwa dirisha. Wakati inaamka inakwenda mlangoni upya kusikiliza hodi. Fanya hivi, na kaseti isiwe inazunguka:

Kitufe cha Windows pamoja na R. Andika shutdown /h kisha Enter.

Ikikataa ikisema haijaruhusiwa: bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, halafu Ctrl na Shift na Enter pamoja. Ikiomba ruhusa, Alt na Y. Andika powercfg -h on, Enter. Rudia shutdown /h. Hapa ndipo nina wasiwasi na wewe, maana umesema diski ya ndani imejaa. Inahitaji nafasi inayokaribia ukubwa wa kumbukumbu ya mashine (RAM). Kama haina, futa kwanza vilivyo kwenye kapu la takataka.

Ikizimika, chomoa waya wa umeme ukutani. Hili watu wanaliruka. Kompyuta iliyozimwa lakini waya uko ukutani bado ina volti 5 ndani, na kwenye mazabodi nyingine zinafika mpaka tundu la mausi. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili kilichobaki kiishe. Diski ya nje na kidude cha sauti usiviguse, viache vilevile mashine ivikute inapoamka.

Sasa chukua tochi ya simu, tazama tundu. Kwa ulivyoeleza matundu yako ya mbele, utakuta ukijani. Hiyo ni chumvi ya bahari imekula shaba. Kijiti cha masikio, spiriti kidogo, zungusha, acha ikauke dakika tano. Kwenye kichwa cha waya angalia pini zisiwe zimelala. Alama ya mshale au upande bapa wa kichwa ulinganishe na tundu lilivyokaa. Kiingize bila nguvu, ukiona kinakataa usisukume, kizungushe taratibu mpaka kikubali mwenyewe.

Kisha umeme, kisha washa.

MuhezaKwetu, saa 10:58

Mzee heshima yako, lakini mimi nimekuwa nachomoa na kuchomeka mausi za duara miaka na miaka shuleni kwetu, mashine zikiwaka, na sijawahi kuunguza hata moja. Nadhani tunamtisha dada bure. Kilichowahi kunitokea ni kimoja tu: nikabadilisha, mshale ukafanya kazi lakini ukawa kichaa, unarukia pembeni ya skrini na kufungua mafaili wenyewe. Nikajua ni virusi.

Halafu kwa wanaotumia Ubuntu badala ya Windows, hamna haja ya kulaza. Fungua dirisha la amri kwa Ctrl na Alt na T, andika:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Ya kwanza inaitoa ile programu inayoongoza mausi, ya pili inairudisha, nayo ikirudi inaita mausi upya. Mshale unarudi hapohapo.

FundiMzeeChumbageni, saa 11:09

MuhezaKwetu, asante kwa hiyo ya Ubuntu, ni sahihi na ni safi.

Kuhusu kutounguza, nakuamini. Mara nyingi haiungui. Ninachosema ni kwamba aliyetengeneza tundu lile hakukuahidi, na binti huyu ana kitu ambacho hakina nakala.

Na kile kichaa hakikuwa virusi. Mausi ya PS/2 yenye gurudumu huanza ikijifanya haina gurudumu. Kompyuta inaigongea kwa kuiwekea mwendo wa 200, kisha 100, kisha 80, mfululizo huo. Mausi ikisikia hivyo inajua anayezungumza nayo anaelewa gurudumu, inabadilisha jina lake kuwa 3, na kuanzia hapo kila taarifa yake ina vipande vinne badala ya vitatu. Ulipochomeka mpya, iliambiwa anza lakini haikugongewa hivyo, ikaanza kutuma vitatu vitatu, na Windows yako ilikuwa bado inahesabu vinne vinne kama ya zamani. Kipande cha habari inayofuata kinasomwa kama mwisho wa iliyotangulia, mwendo unasomwa kama kubofya. Ndiyo mshale unakimbia na kufungua mafaili. Ukiona hivyo tena, achia mausi usiiguse kabisa, hifadhi kwa kibodi, kisha laza au zima.

Mkwakwani_Kijana, saa 11:15

Mzee, hili la 200, 100, 80 nimeliandika kwenye daftari. Chuoni hatukuambiwa.

BintiWaMakorora, saa 3:22 usiku

Nimerudi. Naomba radhi kwa kuchelewa, kulikuwa na magharibi, halafu upande wa pili, halafu nilikaa tu.

Niliandika shutdown /h, ikakataa kama ulivyosema mzee. Nilifuta kapu la takataka, zikatoka GB tatu za video za harusi ya binamu ambazo tayari ziko kwenye simu. Baada ya powercfg ikakubali. Skrini ikawa nyeusi, feni ikanyamaza. Nikachomoa ukutani.

Tundu lilikuwa na ukijani kweli, na pini moja ya kwenye kichwa cha mausi YANGU ya zamani ilikuwa na utando mweupe. Nilisafisha tundu mara mbili. Spiriti nilipata kwa jirani mwingine anayechoma sindano. Nikachomeka mausi ya steshenari, nikarudisha umeme, nikawasha. Haikuchukua robo saa, ilichukua kama dakika mbili, na nikakuta kila kitu kipo, Audacity wazi, "bibi upande A" palepale. Nikaigusa mausi, mshale ukaenda.

Kitu kimoja kwa atakayesoma baadaye: baada ya kuamka, Audacity haikukiona kidude cha sauti. Nilishtuka. Nikaifunga na kuifungua tena, ikakiona. Kwa hiyo jaribuni kurekodi sekunde kumi za kimya kwanza kabla hamjabonyeza kaseti.

Upande wa pili nimeurekodi wote, dakika 45, na alama nimeweka. Nimegundua kwamba alama nazo zinawekwa kwa kibodi, Ctrl na M wakati kurekodi kunaendelea, kwa hiyo hata mausi sikuihitaji sana! Nikabonyeza kila bibi alipomaliza ukoo mmoja na kuingia mwingine. Zimetoka alama ishirini na moja. Kuna majina ambayo hata mama mkubwa hakuwahi kuyataja. Mwishoni anasikika baba, kijana kabisa, anamwambia kwa Kiswahili, "Mama, mkanda umebaki kidogo, imba ule mmoja," na bibi anamwuliza ule upi, na mkanda unaishia hapo.

Sijajua ni wimbo gani. Mama mkubwa yuko Moa, nitampigia kesho nimchezee kipande hicho kwa simu, huenda atajua.

Nakala nimeweka mbili, diski ya nje na flashi. Mausi ya zamani nimeichunguza: nikiukunja waya pale shingoni unapotokea, taa inawaka na kuzima, kwa hiyo waya umekatika ndani. Mzee, inatengenezeka? Kaseti bado kumi na moja na mausi ya jirani lazima irudi asubuhi kabla hajafungua.

FundiMzeeChumbageni, saa 3:40 usiku

Inatengenezeka. Waya unakatwa sentimita chache baada ya shingo, pale palipo pazima, unaunganishwa upya ndani kwenye bodi yake, rangi kwa rangi. Ni kazi ya nusu saa. Ije asubuhi kwa bodaboda, usitoke wewe na kuziacha kaseti.

Na huo mkanda uliokauka, kaseti inayofuata usiicheze moja kwa moja. Ipeleke mbele mpaka mwisho taratibu, irudishe, ndipo urekodi, ili ile ngozi iliyogandana iachane kabla ya kufika kwenye kichwa cha redio. Kama ni ile iliyotafunwa, hiyo usiizungushe, iniletee na yenyewe.

BintiWaMakorora, saa 3:44 usiku

Naam mzee. Saa mbili kamili asubuhi zitakuwa kwako, mausi na ile iliyotafunwa, nimezifunga kwenye mfuko mmoja.